Kumpeleka ndugu mwenye ulemavu wa ukuaji kwenye nyumba ya kikundi nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, hasa zile zilizotoka Kongo na kupitia kambi za Nyarugusu, Kakuma, Kyangwali na kwingineko, ambazo zina mtoto au ndugu mwenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, ugonjwa wa Down au hali nyingine ya namna hiyo. Sheria kuu ni za shirikisho na zinabana majimbo yote, ila taratibu za ofisini hutofautiana. Panapohitajika mfano wa jimbo tumetumia Texas, kwa kuwa watu wetu wako wengi huko. Kama huna muda wa kusoma yote leo, soma swali la foleni, kisha upige simu.

Nyumba ya kikundi ni nini hasa?

Ni nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, wanamoishi watu wazima wachache wenye ulemavu pamoja na wahudumu wanaopokezana zamu, mara nyingi saa 24. Majimbo mengi huweka kati ya watu watatu na sita. Katika mpango wa Texas wa huduma za nyumbani na mitaani uitwao HCS, nyumba huwa na watu watatu au wanne. Si hospitali, si shule ya bweni, wala si nyumba ya wazee. Wakazi wake huenda kazini, kwenye vituo vya mchana, dukani, kanisani au msikitini.

Nyumba hizi hazikuanzishwa kwa hisani tu. Zilitokana na aibu kubwa. Pale Staten Island, New York, palikuwa na taasisi ya serikali iliyoitwa Willowbrook. Ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000, ikafika kuwa na watu 6,000, watoto na watu wazima wakilala wamebanana, wengine hawana nguo. Mwaka 1972 mwandishi Geraldo Rivera aliingia na kamera, nchi nzima ikaona. Familia zilikwenda mahakamani, mwaka 1975 yakapatikana makubaliano ya kuwatoa watu humo na kuwapa makazi mitaani, na mwaka 1987 Willowbrook ikafungwa.

Baadaye wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walidai haki ya kutoka hospitalini, kwa sababu madaktari wao wenyewe walisema wanaweza kuishi mtaani. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu katika taasisi bila sababu ni ubaguzi, chini ya sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Kesi hiyo inaitwa Olmstead. Likumbuke jina hilo, maana ukilitaja kwenye mkutano ofisini wanajua unazungumzia nini.

Kumpeleka huko si kumtupa?

Swali hili ndilo linalowanyima wazazi wengi usingizi, na tunalijibu bila kuzunguka: hapana.

Kijijini au hata kambini, mtoto kama huyu hulelewa na wengi. Yupo bibi, yupo shangazi, yupo jirani anayemwona akipita na kumrudisha nyumbani. Hapa baba yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, mama anasafisha vyumba hotelini, wadogo zake wako shuleni, na mlango wa fleti unafunguka kwenye barabara ya magari yanayokwenda mbio. Kijana wa miaka 24 mwenye kilo 90 anayepata kifafa hawezi kubebwa bafuni na mama mwenye mgongo unaouma. Kukubali jambo hilo hakupunguzi upendo.

Kisha kuna swali ambalo familia hulikwepa: atakuwa na nani siku wazazi hatupo? Kwa kawaida jibu hutupiwa dada mkubwa, bila yeye kuulizwa. Tumeona heri mtu ahame wakati wazazi wako hai, wana nguvu za kumtembelea, kukagua nyumba na kugombana na shirika inapobidi, kuliko ahamishwe na polisi usiku wa msiba.

Hata hivyo si kila mtu anahitaji nyumba ya kikundi. Wapo wanaofaa zaidi kubaki kwa wazazi huku mhudumu akija nyumbani kwa saa kadhaa. Wapo wanaoishi na familia mwenyeji, yaani mtu mmoja au familia inayolipwa kumtunza nyumbani kwao. Katika HCS ya Texas ndugu mtu mzima anaweza kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Kwa mtoto mdogo sera karibu kila mahali ni kumwacha kwa familia na kuleta huduma nyumbani. Aliye chini ya miaka 21 na ana Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ana haki ya matibabu yote yanayomlazimu, yakiwemo mazoezi ya viungo na ya kuzungumza. Usiruhusu mtu akuambie kwamba chaguo ni mawili tu, nyumba ya kikundi au hakuna kitu.

Nani anastahili?

Sheria ya shirikisho inasema ulemavu uwe umeanza kabla ya miaka 22, uwe wa kudumu, na umzuie mtu kwa kiasi kikubwa katika maeneo yasiyopungua matatu kati ya saba: kujitunza, lugha, kujifunza, kutembea, kujiongoza, kuishi kwa kujitegemea, na kujitegemea kiuchumi. Kila jimbo huongeza masharti yake, mara nyingi kipimo cha akili kinachofanywa na mwanasaikolojia.

Familia zetu hukwama hapo kwenye “kabla ya miaka 22”. Mtu ana miaka 35, hakwenda shule, hana cheti cha kliniki. Ofisi inauliza: tutajuaje hakupata ajali ukubwani? Tafuteni chochote: kadi ya kliniki kutoka kambini, karatasi za UNHCR zilizotaja mahitaji maalumu, ripoti ya daktari ya kabla ya safari, picha za utotoni. Kama hakuna, waandike ushuhuda watu waliomjua akiwa mtoto: jirani wa kambini, mchungaji, mjomba. Waeleze mambo yanayoonekana, kwa mfano kwamba alianza kutembea akiwa na miaka mitano au kwamba hakuwahi kujivalisha nguo. Sentensi kama “alikuwa mgonjwa tangu zamani” haisaidii.

Na mwombeni anayempima atumie mkalimani na vipimo visivyotegemea Kiingereza. Mtu asiyejua Kiingereza akipimwa kwa Kiingereza, matokeo hayana maana.

Foleni ni ndefu kiasi gani, na tuanze lini?

Anzeni leo. Hata kama mtoto ana miaka mitatu, hata kama hamtaki ahame kamwe.

Pesa za huduma hizi hutoka kwenye mipango ya Medicaid ambayo wafanyakazi huiita weiva. Serikali ya shirikisho iliiruhusu mwaka 1981, mwaka uleule nchi ilipokisikia kisa cha mtoto wa Iowa, Katie Beckett, aliyebakizwa hospitalini kwa kuwa Medicaid ingemlipia huko na si kwao. Weiva si haki ya kila anayestahili. Jimbo huweka idadi ya nafasi, zikijaa watu husubiri. Nchi nzima wanaosubiri wanazidi 600,000, na walio wengi ni watu wenye ulemavu wa akili na ukuaji. Texas ni miongoni mwa majimbo yenye foleni ndefu kupita yote: kwa HCS watu husubiri zaidi ya miaka kumi, na nafasi hutolewa kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha. Arizona na California zina utaratibu tofauti, huko anayestahili hupewa huduma bila foleni ya aina hiyo.

Huko Texas unajiandikisha katika ofisi ya eneo lako ya watu wenye ulemavu wa akili na ukuaji, inayoitwa LIDDA. Majimbo mengine ni ofisi ya kaunti au idara ya jimbo. Kujiandikisha ni bure na hakukulazimishi kukubali nafasi ikifika. Andikisheni jina kwenye kila orodha mnayoweza kuingia, maana jimbo moja huwa na weiva kadhaa.

Halafu linakuja jambo linalotuuma sana. Familia inasubiri miaka saba, inahama fleti, inabadilisha simu, barua inarudi ofisini, jina linafutwa. Kila mkihama au kubadilisha namba, pigeni simu ofisini, ombeni mthibitishiwe kwa maandishi kwamba jina lipo na tarehe yenu ya awali haijabadilika. Karatasi hiyo itunzeni pamoja na pasipoti.

Nani analipa?

Weiva hulipa wahudumu, mafunzo, usafiri na huduma nyingine. Hailipi kodi ya chumba wala chakula. Hivyo hulipwa na mkazi mwenyewe kutoka kwenye SSI yake, yaani posho ya kila mwezi ya serikali ya shirikisho kwa wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, ambayo mwaka 2026 kiwango cha juu cha shirikisho ni dola 994 kwa mwezi. Shirika huchukua sehemu kubwa, na lazima kiasi fulani kibaki mkononi mwake kwa matumizi binafsi. Ulizeni kiasi hicho na mwone hesabu yake kila mwezi. Viatu, simu, nywele, sadaka, yote hutoka humo.

Mapato ya wazazi kwa kawaida hayahesabiwi kwenye weiva. Kinachoangaliwa ni mali ya mwenye ulemavu: kwa SSI asiwe na zaidi ya dola 2,000. Kwa hiyo msimwekee akiba benki kwa jina lake kwa nia njema. Ipo akaunti maalumu ya akiba kwa wenye ulemavu, iitwayo ABLE, ambamo hadi dola 100,000 hazigusi SSI yake. Tangu Januari 2026 iko wazi kwa watu ambao ulemavu wao ulianza kabla ya miaka 46.

Kuna pia aina ya zamani ya makazi iitwayo ICF, ambayo Medicaid hulipa yote pamoja na chakula, lakini hapo SSI hushuka hadi dola 30. Mtu akistahili kiwango hicho cha huduma, sheria inamtaka achague mwenyewe kati ya ICF na weiva. Msisaini karatasi ya chaguo hilo bila kutafsiriwa.

Sisi ni wakimbizi, hatujapata uraia. Je, anaruhusiwa?

Wakimbizi wamekuwa wakipata Medicaid na SSI, ila SSI ina kikomo cha miaka saba kwa asiyekuwa raia. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imebana zaidi: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi kwa Medicaid, mtu awe na kadi ya kijani. Kwa hiyo mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini aombe kadi hiyo bila kuchelewa, na baadaye uraia. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza au kwa kuitwa na ndugu huwa na muda wa kusubiri wa miaka mitano katika majimbo mengi.

Wazazi husema, “Huyu hawezi kujibu maswali ya historia ya Marekani, uraia ataupataje?” Daktari anaweza kujaza fomu N-648 inayomwondolea mtihani wa Kiingereza na uraia. Na tangu mwaka 2000 sheria inaruhusu kusamehewa kiapo kwa mtu asiyeweza kukielewa. Muoneni mwanasheria wa uhamiaji wa shirika lisilo la faida. Msimlipe mtu wa mtaani.

Ametimiza miaka 18. Mimi mama yake, bado nasaini?

Kisheria, hapana. Akifika miaka 18 ni mtu mzima, na uamuzi wa wapi aishi ni wake, hata kama hazungumzi. Mzazi anayetaka mamlaka hayo huomba mahakama imfanye mlezi wa kisheria. Hiyo ni hatua nzito, kwa sababu inamnyang'anya mtu haki zake, kwa hiyo mahakama inapaswa kuona kwanza kama njia nyepesi ingetosha. Mojawapo ni makubaliano ya kusaidiwa kuamua: mwenye ulemavu humchagua mtu wa kumfafanulia mambo, kisha anaamua mwenyewe. Texas ndiyo ilikuwa ya kwanza kuweka sheria ya namna hiyo, mwaka 2015.

Kama kijana wako anaelewa akielezwa taratibu, jaribuni njia hiyo kwanza. Ila kama hakuna mwenye karatasi yoyote, siku akilazwa hospitali mtaulizwa “nani anaidhinisha?” na kila mtu atabaki ameduwaa. Lishughulikieni kabla hajafika miaka 18.

Nyumba huchaguliwaje?

Nafasi ikifika, mratibu wa huduma atawapa orodha ya mashirika. Chaguo ni la mwenye ulemavu na mlezi wake, si la mratibu. Msichukue ya kwanza kwa sababu ipo karibu na barabara kuu. Tembeleeni, na yeye mwenyewe awepo. Rudini tena jioni, wakati wa kupika na kuoga, maana asubuhi nyumba zote huonekana nzuri.

Angalieni kama wahudumu wanazungumza na wakazi au wanazungumza juu ya vichwa vyao. Ulizeni mhudumu wa usiku hukaa macho au hulala. Ulizeni wangapi wameacha kazi mwaka huu: mishahara ni midogo, watu huondoka sana, na mgeni hajui kwamba mwanao akikunja vidole hivi kifafa kinakaribia. (Wahudumu wengi ni watu wetu, Wakongo, Wakenya, Watanzania. Wanafanya kazi kubwa, na mzazi akiwasalimu kwa majina hujenga mengi.)

Akiwa humo ana haki gani?

Kanuni ya shirikisho ya mwaka 2014, ambayo majimbo yalipewa hadi tarehe 17 Machi 2023 kuitimiza, inasema wazi. Awe na mkataba wa makazi unaomlinda asifukuzwe ovyo, kama mpangaji mwingine. Chumba chake kiwe na mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Kama chumba ni cha wawili, achague wa kulala naye. Apambe chumba anavyotaka. Apange ratiba yake. Apate chakula saa yoyote. Apokee wageni saa yoyote.

Tuchukue friji. Ukifika ukakuta friji lina kufuli, uliza ni la nani. Kuna watu ambao kula bila kikomo ni hatari kwa maisha yao, na kwa mtu huyo zuio linaweza kuwekwa, lakini liwe limeandikwa katika mpango wake, likiwa na sababu, njia nyepesi zilizojaribiwa kwanza, muda wa kulipitia upya na ridhaa yake. Na wenzake wasioguswa na zuio hilo lazima wapate njia ya kula. Vivyo hivyo kwa “wageni mwisho saa moja” iliyobandikwa mlangoni. Kanuni ya nyumba haiwezi kufuta kanuni ya shirikisho.

Mpango wa huduma ni nini, na tuweke nini ndani?

Ni hati inayoeleza mtu huyu ni nani, anataka nini na atasaidiwaje. Hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, au wakati wowote mkiomba. Isipoandikwa humo, mhudumu wa zamu hana cha kumwongoza.

Familia zetu hukaa kimya mkutanoni kwa heshima, kisha hulalamika nyumbani. Semeni palepale. Kijana akisema “maji, maji” na mhudumu hajui Kiswahili, ataandika kwenye daftari kwamba alipiga kelele bila sababu, na kelele zikizidi ataongezewa dawa ya kumtuliza. Kwa hiyo toeni karatasi moja ya maneno yake: maji, choo, naumwa, sitaki, mama, na jinsi yeye anavyoyatamka. Ibandikwe jikoni na iingizwe kwenye mpango.

Andikeni pia kwamba anakula ugali kwa mkono na hiyo si tabia mbaya, kwamba anapenda sombe, kwamba hali nguruwe kama ni Mwislamu, kwamba Jumapili anakwenda ibada ya Kiswahili na nani atampeleka, kwamba binti aogeshwe na mwanamke, kwamba ngozi yake hupakwa mafuta kila baada ya kuoga. Wafanyakazi husema hayo ni madogo. Kwake ndiyo siku nzima.

Kiingereza changu ni kidogo. Nimlete binti yangu atafsiri?

Usimlete mtoto. Ofisi na mashirika yanayopokea fedha za Medicaid yanatakiwa kuwapa mkalimani bila malipo, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010. Semeni “Kiswahili cha Kongo” kama ndicho mnachoelewa, na mkipewa mkalimani msiyemwelewa ombeni mwingine. Si haki wala vema binti wa miaka 13 aeleze mbele ya wageni jinsi kaka yake anavyojisaidia.

Tunataka kuhamia jimbo lingine kufuata kazi. Huduma zitamfuata?

Hazitamfuata. Weiva ni ya jimbo. Ukitoka Texas kwenda Iowa au Ohio, unaacha nafasi na unaanza upya huko, labda mwisho wa foleni. Pigeni simu kwenye idara ya jimbo mnakokwenda kabla ya kupakia gari.

Mama amelazwa ghafla na hakuna wa kumtunza. Tufanye nini?

Pigeni simu ofisi ileile mliyojiandikisha, mtumie neno “dharura”. Majimbo mengi hutenga nafasi kwa mlezi aliyefariki au kuugua sana, kukosa makazi, au mtu aliye hatarini. Elezeni hali ilivyo bila kuipamba, ombeni jibu kwa maandishi.

Nikihisi anapigwa au kutelekezwa?

Kama yuko hatarini sasa hivi, 911. Vinginevyo piga simu kwa idara ya jimbo ya ulinzi wa watu wazima, kisha mjulishe mratibu. Kila jimbo pia lina shirika huru la kutetea haki za watu wenye ulemavu, lililowekwa kwa sheria ya 1975. Texas linaitwa Disability Rights Texas. Halitozi pesa na haliko chini ya shirika linaloendesha nyumba. Pigeni picha za michubuko zenye tarehe. Angalieni mabadiliko: aliyekuwa akiimba amenyamaza, amekonda, anajificha zamu fulani ikiingia. Kutoa taarifa hakugusi makaratasi yenu ya uhamiaji, na hamhitaji ushahidi kamili ili kupiga simu.

Wamempunguzia saa za huduma, au tumeona nyumba haimfai. Tumekwama?

Hamjakwama. Huduma ikikataliwa, kupunguzwa au kusimamishwa, mnapaswa kupata barua, na kwa kawaida ije angalau siku 10 kabla ya mabadiliko. Mkiomba rufaa kabla ya tarehe ya mabadiliko iliyo kwenye barua, huduma huendelea vilevile hadi kesi isikilizwe, ingawa mkishindwa mnaweza kudaiwa gharama hizo. Barua msiyoielewa ipelekeni ikasomwe siku hiyohiyo.

Kama tatizo ni nyumba yenyewe, anaweza kubadilisha shirika bila kupoteza weiva. Nafasi ni yake, haifungwi kwenye anwani. Mwambieni mratibu kwa maandishi kwamba anataka kuhama, ombeni orodha mpya, na asihame ile ya sasa mpaka nyingine iwe imesainiwa na dawa zake zimehamishiwa huko.